Umar bin Abdul-Aziz na Mkono Wake katika Mali

Katika makhalifa wote wa Bani Umayya hapana ambaye jina lake hutajwa kwa kheri katika misikiti na madarasa yetu kama Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wanavyuoni wengi wamemhisabu kuwa ni wa tano baada ya wale wanne waongofu, na hali kati yake na Sayyidna Ali bin Abi Talib ilipita karibu miaka sitini, na muda wa ukhalifa wake haukutimia hata miaka mitatu. Tukimtaja, twataja uadilifu wake, na ni haki. Lakini liko jambo katika maisha yake ambalo wengi wetu twalipita mbio, nalo ni kuwa bwana huyu hakuzaliwa na zuhudi wala hakulelewa nayo. Alikuwa kijana wa anasa, mwenye mali nyingi na mkono mwepesi wa kuitumia. Kisha akaushika mkono ule akaufunza, naye ni mtu mzima mwenye mke na watoto na mazoea. Maskini anayekula adesi kila siku hana alichokiacha, kwani hana kingine. Ama aliyekuwa akila kila alichokitamani, kisha akajiwekea mpaka asiuvuke hata kufa kwake, huyo ana ilimu ambayo sisi watu wa miji hii ya pwani, wenye madeni ya harusi yasiyokwisha mpaka watoto wa ndoa ile wameanza kwenda chuoni, tuna haja nayo sana.

Alizaliwa karibu ya mwaka 61 Hijria, sawa na mwaka 681 Miladi. Baba yake, Abdul-Aziz bin Marwan, alikuwa amiri wa Misri kwa muda upatao miaka ishirini, na ni ndugu wa Khalifa Abdul-Malik. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Kisa cha msichana aliyekataa kuyatia maji maziwa ya kuuza, ijapokuwa mama yake alimwambia kuwa Umar hawaoni usiku ule, wengi wetu twakijua tangu utotoni. Msichana huyo aliozwa Asim, mwana wa Sayyidna Umar, na ndiye aliyekuwa nyanya yake bwana tunayemweleza. Basi ndani ya mtu mmoja zilikutana damu mbili: ya wafalme waliozoea hariri, na ya nyumba iliyokuwa ikishona viraka.

Katika ujana wake ile damu ya kwanza ndiyo iliyoshinda. Baba yake alimpeleka Madina asome, akamtia chini ya ulinzi wa Swaleh bin Kaisan, mmoja katika wanavyuoni wa mji ule. Siku moja kijana akachelewa sala ya jamaa. Mwalimu wake alipomuuliza sababu, akajibu kuwa mtu wa kumtengeneza nywele alikuwa hajamaliza kazi yake. Swaleh hakumpiga wala hakumtukana. Aliandika barua Misri. Baba yake akatuma mjumbe kutoka Misri mpaka Madina, na mjumbe huyo hakusema neno na kijana mpaka alipokwisha kumnyoa kichwa chote. Mimi naona malezi haya yalikuwa ni akiba aliyowekewa, nayo ilikaa miaka mingi bila ya kutumiwa. Kwani nywele zilimea tena, na anasa vilevile.

Mwaka 87 Hijria (706) Khalifa Al-Walid alimpa uamiri wa Madina, naye ana umri wa miaka ishirini na kitu. Imepokewa kuwa mizigo yake iliingia mjini juu ya ngamia 30. Manukato aliyokuwa akijitia yalikuwa makali na ya ghali, hata watu wakimpa dobi wake chochote ili nguo zao zifuliwe pamoja na za amiri zipate harufu ile. Nguo akinunuliwa kwa mamia ya dinari, na dinari ni dhahabu ya gramu nne na robo, kisha akiipapasa na kusema kuwa ni nzuri lau kuwa si ngumu. Alikuwa pia na mwendo wake wa madaha, akiburura nguo na kuchezesha mikono, na wasichana wa Madina wakajifunza mwendo huo na kuuita kwa jina lake. Tusimdhulumu lakini: hata siku hizo hakuwa fasiki wala dhalimu. Alikusanya mafakihi kumi wa Madina akawa hakati jambo kubwa bila ya shauri yao, na msikiti wa Mtume, sala na amani zimshukie, ulipanuliwa mkononi mwake. Kasoro waliyokuwa wakimtia maadui zake ni anasa na madaha tu.

Lililomtikisa kwanza ni jambo la Khubaib bin Abdillahi bin Zubeir. Mwaka 93 Hijria (712) Al-Walid aliandika kuwa Khubaib apigwe, na Umar akalitekeleza agizo, na Khubaib akafa kwa adhabu ile. Tangu siku hiyo, wasema wapokezi, kila mtu alipomsifu Umar kwa jema alilolifanya, yeye humuuliza vipi kuhusu Khubaib. Akauacha uamiri mwaka ule ule. Pengine aliyeonja uzito wa roho ya mtu juu ya shingo yake ndiye anayeweza kuuona uzito wa dirhamu moja.

Khalifa Suleiman alipokuwa katika ugonjwa wa kufa, mwaka 99 Hijria (717), mshauri wake Rajaa bin Haiwa alimpendekezea jina la Umar, nalo likaandikwa katika waraka uliotiwa muhuri. Umar hakuutaka ukhalifa, na waraka uliposomwa alishtuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Waliporudi kutoka maziarani akaletewa farasi wa khalifa, na tandiko zake na watumishi wake. Akauliza ni nini. Alipoambiwa kuwa ni vipando vya khalifa mpya, vipya, visivyopandwa na mtu kabla yake, akaamrisha viuzwe na thamani yake itiwe baitul-mali, akapanda nyumbu wake aliyekuja naye. Akakuta vilevile mahema na mazulia na nguo na manukato yaliyoandaliwa kwa ajili yake, na yote hayo yakafuata njia ya farasi.

Alianza na cha serikali, kisha akageukia chake mwenyewe, na hapa ndipo penye ugumu. Alimwita huria wake, Muzahim, mtu aliyemwamini, akamtaka amsomee hati za mashamba yake moja moja: shamba hili lilitoka kwa nani, na aliyelitoa alilipata wapi. Kila hati iliyothibitika kuwa asili yake ni kipande cha mali ya Waislamu alichopewa na jamaa zake waliotawala, aliikata kwa mkasi. Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mapato yake kabla ya ukhalifa yalikuwa kiasi cha dinari elfu 40 kwa mwaka, na mapokezi mengine yanazidisha. Siku aliyokufa yalikuwa dinari 400 au chini yake.

Ndugu msomaji, litazame jambo hili kwa makini. Yeye hakuanza kwa kuapa kuwa atakula kidogo. Alianza kwa kujua ana nini, na kila kimoja kimetoka wapi, akitaka kisomwe mbele ya mtu mwingine kwa sauti. Wangapi katika sisi wanaoweza kusema leo usiku, bila ya kukisia, ni kiasi gani kilichoingia nyumbani mwao mwezi huu na kiasi gani kilichotoka? Wafanya biashara wetu wana daftari la duka. Nyumba haina daftari. Na mali mengi ya watu wa pwani, mashamba ya minazi na nyumba za mawe, hayakupotea kwa vita wala kwa mafuriko. Yalitoka kidogo kidogo, rehani baada ya rehani, kwa sherehe moja na nyingine, na mwenyewe hakujua kuwa yametoka mpaka alipoitwa kutia sahihi.

Kisha akaingia nyumbani. Mkewe alikuwa Fatma binti Abdul-Malik, ambaye baba yake alikuwa khalifa, na ndugu zake wanne walitawala kwa zamu zao; sidhani kuwa katika zama zile alikuwapo mwanamke aliyelelewa katika neema kumshinda yeye. Alikuwa na kipambo cha thamani kubwa alichopewa na baba yake. Umar hakukinyakua wala hakumdanganya. Alimpa hiari: ama kipambo kirudi baitul-mali, ama ampe ruhusa waachane, kwani hawezi kukaa yeye na kitu kile katika nyumba moja. Akamchagua mumewe, na kipambo kikaenda. Napenda wale wanaume wanaohubiri kubana matumizi, wakaanza kwa chakula cha mke na nguo za watoto kabla ya kutazama mifuko yao wenyewe, wazingatie mfuatano wa mambo haya: farasi wake kwanza, mashamba yake ya pili, na kipambo cha mkewe baada ya yote, kwa ridhaa yake.

Matumizi ya nyumba yake yalifikia dirhamu 2 kwa siku, na dirhamu ni fedha ya uzito wa karibu gramu tatu. Mtumishi wa nyumbani alilalamika kwa Fatma kuwa kila siku ni adesi, na kila siku adesi. Akajibiwa kuwa hicho ndicho chakula cha bwana wake, Amiri wa Waumini. Siku moja Umar alitamani zabibu mbichi, akamuuliza mkewe kama ana dirhamu moja anunue. Hakuwa nayo, akamstaajabia kuwa yeye ni khalifa na hana dirhamu ya zabibu. Akasema kuwa hilo ni jepesi kwake kuliko minyororo ya Jahannamu. Tunaona hapa kuwa tamaa yake haikufa. Watu hudhani kuwa wacha Mungu huondolewa matamanio yao, wakastarehe. Kumbe Umar alikuwa akitamani zabibu kama wewe na mimi, ila hakuzikopa. Na ule mwendo wake wa ujana, imepokewa kuwa ulimshinda kuuacha. Alimwagiza Muzahim amkumbushe kila amwonapo akitembea kwa madaha. Akikumbushwa hujirekebisha hatua chache, kisha miguu humrudia ilivyozoea. Aliweza kuacha mashamba kwa asubuhi moja, na mwendo ukamtaabisha miaka.

Mashuhuri katika habari zake ni ile ya taa mbili. Alikuwa akifanya kazi za Waislamu usiku kwa taa ya baitul-mali, na mazungumzo yakigeuka yakawa ya nyumbani kwake, huizima akawasha yake. Habari hii twaisimulia sana, hata imekuwa kama hadithi ya kuwachekeshea watoto, kwa sababu mafuta ya taa ni kitu kidogo. Lakini ndiyo ilivyokuwa kazi yake yote, vitu vidogo. Alikuwa akipashiwa maji ya udhu katika jiko la umma. Alipogundua kuwa yamepashwa hapo muda wa mwezi, akafanya hesabu ya kuni zilizotumika akazilipa. Mkewe alimtumia mtu kuleta asali, naye akamleta juu ya mnyama wa posta ya serikali. Umar akaiuza asali, akamrudishia mkewe rasilimali yake, na kilichozidi akakitia baitul-mali kwa ajili ya uchovu wa mnyama. Aliletewa miski ya Waislamu igawanywe, akaziba pua, kwani miski haina faida nyingine ila harufu yake.

Abubakar bin Muhammad bin Amri bin Hazm, aliyekuwa amiri wake wa Madina, alimwandikia akitaka mishumaa ya kumulikia njia aendapo sala ya Isha na Alfajiri, na karatasi za kuandikia kama walivyokuwa wakipewa maamiri kabla yake. Umar akamjibu kwa ufupi. Katika mishumaa alimkumbusha kuwa amemjua zamani akitoka nyumbani kwake katika usiku wa giza la baridi bila ya mshumaa, na hali yake siku zile ilikuwa njema kuliko leo. Katika karatasi alimwagiza aichonge kalamu yake iwe nyembamba, aikaribishe mistari, na azikusanye haja nyingi katika waraka mmoja, kwani Waislamu hawana haja ya maneno marefu yanayoila hazina yao.

Na huyu Abubakar bin Hazm aliyeambiwa abane mistari, ndiye yule yule ambaye Umar alimwandikia barua nyingine akimtaka azitafute hadithi za Mtume, sala na amani zimshukie, na kuziandika, kwa kuwa anachelea ilimu itapotea na wanavyuoni watakufa. Imamu Bukhari ameitaja barua hiyo katika Kitabu cha Ilimu. Basi karatasi iliyookolewa katika maneno ya ofisi ilitumiwa katika kazi ambayo Umma wa Kiislamu unakula matunda yake mpaka leo. Hapo ndipo unapoupata mpaka baina ya kuweka na ubakhili. Bahili hana mahali pa pili. Aubana mkono hapa, na huko nako aubana. Umar alibana mahali ili apanue mahali. Watumishi wa serikali aliwapa mishahara mizuri, wengine dinari 100 na wengine zaidi ya hapo, ili wasiwe na udhuru wa kutia mkono katika mali ya watu. Yeye mwenyewe hakuchukua. Walinzi wa Al-Kaaba walipoandika kutaka kitambaa cha kuivisha kama ilivyokuwa desturi ya makhalifa, aliwajibu kuwa ameona mali hiyo itiwe katika matumbo yenye njaa, kwani hayo yanastahiki zaidi. Sijui ni nani katika sisi angethubutu kusema maneno hayo juu ya mapambo ya msikiti mmoja wa mtaani kwetu.

Nduguye mkewe, Maslama bin Abdul-Malik, alikuwa amiri mkubwa wa majeshi na mtu wa ukarimu wa sifa; gharama ya meza yake yasemekana ilikuwa dirhamu 1,000 kwa siku. Umar hakumkaripia. Alimwalika chakula, akawaambia wapishi watengeneze vyakula vya namna kwa namna, na pamoja navyo adesi kwa vitunguu na mafuta. Kisha akamchelewesha mgeni wake kwa mazungumzo mpaka njaa ikamshika barabara. Akaletewa adesi kwanza. Maslama akala mpaka akashiba. Ndipo vikaja vile vyakula vizuri, akashindwa kutia hata tonge moja. Umar akamwonyesha kuwa tumbo lake limetosheka na kitu cha dirhamu moja au chini yake, basi zile nyingine zilizobaki zalishwa nani? Maslama aliipokea nasaha ile. Aliletewa pia habari kuwa mmoja katika wanawe amenunua kito cha pete kwa dirhamu 1,000. Akamwandikia auze kito hicho, ashibishe kwa thamani yake wenye njaa elfu moja, na afanye pete ya chuma ya dirhamu mbili, aandike juu yake maneno ya kumwombea rehema mtu aliyejijua kadiri yake.

Jamaa zake hawakuyapenda haya. Posho walizozizoea zilikatika, wakamtuma shangazi yake, ambaye Bani Umayya wote wakimheshimu, aende kumsemesha. Alimkuta akila mkate na chumvi na mafuta. Maneno yalipokwisha, alirudi kwa jamaa zake hana alichopata, akawaambia kuwa kosa ni lao wenyewe: wanakwenda kuoa katika kizazi cha Umar bin al-Khattab, kisha mtoto akifanana na babu yake wanalia. Mwanamke huyu alikuwa na akili kuliko waliomtuma.

Wala hatutaki kuficha kuwa mwendo huu ulikuwa na uchungu kwa waliomo nyumbani mwake. Usiku mmoja aliingia kwa binti zake kuwasalimu, wakaziba vinywa vyao kwa mikono na kuikimbilia milango. Alipouliza, mlezi wao akamwambia kuwa hawakuwa na chakula cha usiku ila adesi na vitunguu, wakachukia asiisikie harufu vinywani mwao. Umar akalia. Aliwaambia kuwa haitawafaa wao kula namna kwa namna na baba yao akapelekwa Motoni, wakalia naye. Wako wanaosema kuwa hapo alizidi, na kuwa mtu mwenye wasaa hana ruhusa ya kuwadhiki watu wake. Maneno hayo yana asili katika sharia. Lakini Umar hakuwa mtu mwenye wasaa tena. Alikuwa mtu wa kawaida aliyewekewa hazina ya watu mlangoni mwake, na kila jioni aliipita asiiguse. Sisi hatukutakiwa tule adesi za Umar. Ila mtu wa mshahara wa mwezi, akiiga karamu ya tajiri kwa fedha ya kukopa, naye amewadhiki watu wake, tena kwa muda mrefu kuliko Umar; tofauti ni kuwa binti zake watailipa shida hiyo baada ya wageni kushiba na kwenda zao.

Nalo la madeni alilipitishia hukumu. Amiri wake wa Kufa katika Iraq, Abdul-Hamid bin Abdul-Rahman, alimwandikia kuwa amekwisha kuwapa watu posho zao na mali imebaki. Akamwamrisha atazame kila mwenye deni alilolikopa pasipo upumbavu wala israfu, amlipie. Abdul-Hamid akaandika kuwa amelipa, na mali imebaki. Akamwamrisha atazame kila kijana asiye mke na asiye na mali, akitaka kuoa amwozeshe na amtolee mahari. Akaandika kuwa amefanya, na mali imebaki. Akamwamrisha awatazame wakulima wa dhima walioshindwa na ardhi zao, awakopeshe kiasi cha kuwatia nguvu ya kuzilima, kwani hawatakiwi mwaka huu wala wa pili.

Tusimame hapa kidogo. Posho kwanza, kisha deni, kisha ndoa, kisha kazi ya shamba. Huo ni mpangilio wa mtu anayejua kuwa fedha ina mlango wa mbele na wa nyuma, na ndivyo bajeti ya nyumba yoyote ingepaswa kuwa: cha lazima kikishatoka ndipo kinafuata kingine. Na katika deni aliweka sharti. Huyu ndiye khalifa aliyekuwa na hazina iliyojaa, na huruma yake kwa wadeni haina shaka. Pamoja na hayo hakukubali mali ya Waislamu ilipe gharama ya upumbavu na israfu. Aliyekopa kwa maradhi, au kwa biashara iliyoharibika, au kwa kulisha mayatima, atalipiwa. Aliyekopa kwa fahari atajilipia. Tujiulize daftari zetu zingesomwaje mbele ya Abdul-Hamid: mkopo uliochukuliwa usiku kwa simu ili kulipia mapambo ya ukumbi, sare za harusi za kuvaliwa siku moja, biriani ya matanga iliyopikwa kwa rehani ya nyumba aliyoiacha maiti, na warithi wadogo wapo. Katika haya, lipi angelilipa? Na ajabu ni kuwa mlango wa tatu ulikuwa wa kuwaozesha vijana. Yeye hakuzichukia harusi, alizilipia. Alilipa mahari, na ndoa ikapita. Leo vijana wetu wanafika miaka thelathini na zaidi hawajaoa, na tukiwauliza hawataji mahari kuwa ndiyo iliyowazuia. Wanataja siku tatu za karamu.

Umar aliugua mwaka 101 Hijria (720), naye hajafika miaka arobaini au ndiyo kwanza ameifika. Mapokezi mengi yasema alitiwa sumu. Maslama aliingia kumtazama, akaiona kanzu yake imechafuka, akamwambia dada yake Fatma aifue, kwani watu wanaingia kumzuru Amiri wa Waumini. Aliporudi akaiona vilevile, akakasirika. Fatma akamwapia kuwa hana kanzu nyingine ya kuvaa hiyo ikifuliwa. Maslama akamtaka basi awausie wanawe kitu, kwa kuwa amewaacha mafukara. Akasema kuwa hakuwanyima haki yao, na hatawapa haki ya wengine. Wakiwa wema, Mwenyezi Mungu ndiye mlinzi wa watu wema, na wakiwa si wema, yeye hatawaachia mali ya kuwasaidia katika maasi. Akafa katika mwezi wa Rajabu huko Deir Simaan katika nchi ya Sham, mahali palipokuwa na nyumba ya watawa wa Kinasara, na ardhi ya kaburi lake aliinunua kwao. Juu ya alichokiacha hesabu za wapokezi zinatofautiana. Iliyo mashuhuri ni dinari 17, zikatoka 5 za sanda na 2 za mahali pa kaburi, na zilizobaki wakagawana warithi.

Baada yake ukhalifa ulimfikia Yazid bin Abdul-Malik, nduguye Fatma. Kile kipambo kilikuwako katika baitul-mali, hakikuuzwa. Yazid akampelekea dada yake habari kuwa, akitaka, atamrudishia. Fatma alikuwa mjane sasa, na hapana tena wa kumpa hiari baina ya mume na dhahabu. Akajibu kuwa hakuwa mwenye kumtii Umar alipokuwa hai, kisha amuasi naye amekwisha kufa, na kuwa hana haja nacho. Yazid akakichukua akawagawia wanawake wa nyumbani kwake.